Vunja Mguu

Karatasi yenyewe nusu,
imechanwa kwenye daftari la mahudhurio,
mwandiko wa Mwalimu Thuwaiba umeinamia kulia
kama mtu anayetega sikio.
Maneno matatu ya Kiingereza, na chini yake jina langu.

Nilikuwa kidato cha tatu, Wete.
Kamusi nimeazima, jalada limeliwa na mende.
Nikafasiri neno kwa neno, kidole juu ya mstari:
vunja,
mmoja,
mguu.
Nikashukuru. Angalau si yote miwili.

Mama alikuwa ukumbini anachambua karafuu,
makonyo huku, karafuu huku.
Nikamsomea kwa sauti. Lau ningejua.

"Nani kasema?"
"Mwalimu."
"Umemkosea nini?"
Akainuka, makonyo yakammwagika miguuni.

Nyumbani kwetu neno hilo halikuwa la kamusi.
Mwaka wa mavuno makubwa
baba aliamini tawi, tawi halikumuamini.
Tangu siku ile mguu wake wa kushoto
hujua mvua kabla ya mawingu.

Usiku nikanyweshwa kombe:
aya za zafarani zimeyeyuka katika sahani nyeupe,
marashi kidogo, bismillahi nyingi.
Viatu vyangu vya skuli navyo vikafukizwa ubani,
hata kesho yake darasani
wenzangu wakaniuliza nani kaoa.

Asubuhi mama kajitupia buibui, kanishika mkono
kama ninapelekwa chuoni mara ya kwanza.
Mwalimu Thuwaiba alimsikiliza mpaka mwisho.
Hakucheka. Akavuta kiti, akamkalisha, akasema:

"Wenyewe hao, mtu akipanda jukwaani
hawamtakii kheri kwa jina lake.
Wanahofu kheri ikiitwa,
shari nayo iko karibu, itaitika.
Basi wanautanguliza ubaya mdomoni.
Ubaya ukisikia umeshatajwa
unadhani umeshafika. Unapita zake."

Mama kimya.
Nje wanafunzi wanasomba maji, ndoo zinagongana.

"Sisi Shaabani tunavunja jungu," akasema polepole,
"na majungu yote mazima jikoni."
Kisha akashusha sauti, maana mimi nilikuwepo:
"Na mie nilivunja ungo,
na ungo wa mama yangu
mpaka leo unapepeta mpunga."

Mwalimu akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mama hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama.
"Kabla ya huyu niliwapa wawili majina mazuri.
Yakaitwa. Yakaitika.
Huyu nikamwita Kombo.
Nikasema, kilichopinda nani atakitaka?
Na mtazame, mwalimu.
Kanyooka kama mpopoo."

Miaka kumi na sita naitwa.
Siku ile ndiyo nilifasiriwa.

Usiku wa mchezo mimi nilikuwa kadhi,
kilemba cha shuka, ndevu za pamba,
gundi inanipwita kidevuni.
Baba alikuja na bakora yake, hatua na nusu, hatua na nusu.
Mlangoni akanivuta sikio karibu na mdomo wake:

"Wako uwache.
Wangu nimeshauvunja,
unatutosha sote."

Nilisahau mistari miwili.
Nikamhukumu mwizi wa kuku kabla hajashtakiwa,
ukumbi mzima ukaangua kicheko, nikaendelea.
Mwishoni watu wakapiga makofi,
na chini ya makofi, kwenye sakafu ya saruji,
ko,
ko,
ko,
bakora.

Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa baba.
Mama kabeba kilemba, anakikunja kiwe shuka tena.
Tulipofika kwenye kona ya msikiti akauliza:

"Na mtu wao akivunjika kweli,
humwambia nini?"

Kamusi nilikuwa nimeshairudisha.